Kupima oksijeni ya kondo la nyuma kwa MRI: jinsi ya kupata T2* ya kuaminika

Hakuna picha ya MRI inayoonyesha oksijeni yenyewe ndani ya kondo la nyuma. Kinachoonekana ni himoglobini iliyokwisha kuiachia oksijeni yake. Mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell walionyesha kwamba himoglobini iliyobeba oksijeni husukumwa kidogo na sumaku, na isiyobeba huvutwa. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake wakaitumia tofauti hiyo kwenye picha za ubongo, na mbinu ikapewa jina la BOLD, yaani picha inayotegemea kiwango cha oksijeni kwenye damu. Kwenye kondo mambo ni yale yale: chembe nyekundu zilizokwisha kutoa oksijeni huvuruga uga wa sumaku unaozizunguka, protoni za maji ya jirani hupotezana upesi, na mawimbi yanayorudi kwenye koili (antena ya mashine) hufifia haraka. Muda wa kufifia huko ndio T2*, na hupimwa kwa milisekunde. Oksijeni ikiwa nyingi, T2* ni ndefu na kondo linang'aa. Ikipungua, T2* hufupika na kondo huwa jeusi.

Kwa hiyo T2* ni kivuli cha oksijeni, na kivuli hurefuka au kufupika kwa sababu nyingi. Mkao wa mama, tumbo kukaza, gesi ya utumbo, wingi wa damu na nguvu ya sumaku, vyote huisogeza namba. Wanaoanza kazi hii huhangaika na programu za hesabu, lakini vipimo vingi vinavyoharibika huharibikia mezani, kabla kompyuta haijaguswa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya mezani.

Mbinu hii imejengwa zaidi Aalborg nchini Denmark, King's College London, na Portland na Boston nchini Marekani, hasa baada ya taasisi za afya za Marekani kuanzisha mradi wa utafiti wa kondo mwaka 2014. Haihitaji dawa ya kuchomwa mshipani. Gadolini haina nafasi hapa hata kidogo, kwa kuwa huvuka kondo na kumfikia mtoto. Kinachohitajika ni mashine ya tesla 1.5 au 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), koili ya kawaida ya tumbo, na mtu anayejua kupanga vipande vya picha.

Tahadhari moja kabla ya yote: T2* haichukui nafasi ya Dopla ya kiungamwana, yaani ultrasaundi ya mtiririko wa damu, wala ya kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Mama mwenye shinikizo la 170/115 na kichwa kinachomgonga hapelekwi MRI. Anapelekwa wodini.

Kabla mama hajapanda mezani

Anza na umri wa mimba. T2* ya kondo lenye afya hushuka kadiri wiki zinavyosonga, kwa hiyo kosa la wiki 2 kwenye tarehe linaweza kulifanya kondo lenye afya lionekane gonjwa au kulisafisha lililo gonjwa. Tumia tarehe ya ultrasaundi ya miezi mitatu ya kwanza. Tarehe ya hedhi inayokumbukwa kwa kukisia isitumike kwenye hesabu. Iandike, kisha weka alama kwamba haina uhakika.

Pima himoglobini ya mama siku hiyo hiyo, au angalau wiki hiyo. Sababu yake inaeleweka kwa hesabu ndogo. Chukua damu ambayo himoglobini yake imejaa oksijeni kwa asilimia 70. Mama mwenye gramu 12 kwa desilita ana gramu 3.6 zisizo na oksijeni. Mama mwenye gramu 8 ana gramu 2.4 tu. Picha itaonyesha huyu wa pili anang'aa zaidi, kumbe damu yake imebeba mililita 7.5 za oksijeni kwa desilita, dhidi ya 11.3 za mwenzake. Upungufu wa damu, ambao ni wa kawaida sana kwa wajawazito wetu, unaweza kuipamba namba. Damu ya mtoto nayo imo ndani ya kondo, na yeye himoglobini yake ni nyingi kuliko ya mama, kwa hiyo usijaribu kusahihisha T2* kwa kuigawanya kwa himoglobini ya mama. Iandike pembeni ya matokeo, anayesoma aione.

Uliza kama ametundikiwa dripu ya madini ya chuma, na ya aina gani. Ferumoksitoli hasa ni chembechembe za oksidi ya chuma ambazo kwenye MRI hufanya kazi ya dawa ya kubadili rangi ya picha, na athari yake hukaa kwa wiki nyingi. Mama wa namna hiyo asipimwe T2* kwa wakati huo.

Malaria ni swali ambalo miongozo ya Ulaya haina haja nalo, lakini kwetu ni lazima. Vimelea vya falsiparamu hujificha ndani ya kondo lenyewe, kwenye nafasi ambamo damu ya mama huzunguka vili (vijinyama vya kondo vyenye mishipa ya mtoto), na uchafu wanaouacha, hemozoini, una chuma kinachovutwa na sumaku. T2* fupi kwa mama mwenye malaria ya kondo inaweza kuwa na kisa kingine kabisa. Kipimo cha haraka cha kidole kinaweza kukosa vimelea vilivyofichama humo, kwa hiyo jibu la "hakuna malaria" lisikupe imani kupita kiasi. Uliza pia kuhusu seli mundu.

Ukaguzi wa chuma ufanywe kwa utaratibu wa kila siku, ukikumbuka yale yanayosahaulika: pini za ushungi, klipu za wigi, shanga za kiunoni zilizotungwa kwa waya, na khanga au dera lenye uzi wa kumeta. Na kwa kuwa mlangoni pameandikwa "Idara ya Mionzi", mama wengi huingia wakiwa na hofu. Mweleze mapema kwamba MRI haitumii mionzi ya eksirei, ila ina kelele. Mpe vizibo vya masikio na vifuniko juu yake, vyote viwili.

Ale chakula chepesi saa 2 kabla. Maharage na soda za usiku uliotangulia hujaza gesi utumboni, na gesi ndiyo adui mkuu wa T2*. Akojoe kabla ya kupanda.

Mlaze kwa ubavu wa kushoto, au mgongo ukiwa umeinuliwa upande wa kulia kwa kabari ya sponji. Akilala chali, mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, damu inayofika kwenye kondo hupungua, na T2* hufuata. Kabari isiteleze. Ikiteleza katikati ya kipimo, nusu ya namba zako ni za mkao mmoja na nusu ni za mwingine. Mfunge kipima mapigo na oksijeni cha kidoleni kinachoruhusiwa kuingia chumba cha sumaku, mpe kengele mkononi, na mwambie aibonyeze akisikia kizunguzungu, jasho au kichefuchefu. Hizo ndizo dalili za mshipa kukandamizwa, na dawa yake ni kumgeuza.

Picha za kuanzia

Piga picha za haraka za T2 za pande tatu, zile za kupata kipande kizima kwa mpigo mmoja, ili ujue kondo liko wapi: mbele, nyuma, kando au juu. Kaa katika hali ya kawaida ya mashine, yaani joto linaloingia mwilini lisizidi wati 2 kwa kilo. Kwenye picha hizo tafuta mambo mawili. La kwanza ni gesi: doa jeusi la utumbo lililogusa mji wa mimba karibu na kondo. La pili ni unene wa ukuta wa mji wa mimba. Ukuta mnene upande mmoja, wenye kingo zilizojikunja kuelekea ndani, maana yake tumbo limekaza sasa hivi. Piga picha ile ile tena baada ya dakika 3 hadi 5 kabla ya kuendelea.

Panga vipande vilikate kondo wima, kiasi kwamba upande wa mtoto, palipopachikwa kiungamwana, na upande uliogusa ukuta wa mji wa mimba vionekane vyote kwenye kipande kimoja. Kipande kinachopita kwa mshazari huchanganya tishu ya kondo na ukuta ndani ya vokseli moja (kitone kimoja cha picha), na huko hakuna programu itakayokuokoa.

Mipangilio ya T2*

Kuna njia mbili, na kila moja ina mahali pake.

Ya kwanza ni picha ya gradienti yenye miangwi mingi, yaani mawimbi husomwa mara nyingi mfululizo baada ya kila mpigo, kipande kimoja kimoja, mama akibana pumzi. Kwenye tesla 1.5 mpangilio wa Aalborg ni mahali pazuri pa kuanzia: miangwi 16, wa kwanza ukiwa milisekunde 3.0 na wa mwisho 67.5, kwa hatua za 4.3, pembe ya mpigo ya nyuzi 30, unene wa milimita 8, na pumzi kubanwa kwa sekunde 12. Piga vipande 3 sehemu tofauti za kondo. Faida yake ni kwamba umbo halipindi, na mashine ya kawaida inaiweza bila leseni ya ziada. Hasara ni kwamba huoni kondo zima, na kipande kinene karibu na gesi hufupisha T2* kwa sababu uga wa sumaku unatofautiana ndani ya unene wa kipande chenyewe. Pakiwa na gesi jirani, punguza unene hadi milimita 5 na ukubali picha yenye chenga.

Sekunde 12 ni nyingi kwa mama wa wiki 34. Mfundishe nje ya mashine: "Mama, vuta pumzi. Toa. Baki hapo hapo." Pumzi ibanwe baada ya kutoa hewa, si baada ya kuivuta, kwa sababu kiwambo hurudi mahali pale pale kila mara. Asipoweza, punguza idadi ya mistari ya picha hadi sekunde 8. Usimlazimishe, maana mama anayeachia pumzi sekunde ya 9 anaharibu kipande kizima.

Ya pili ni picha za mpigo mmoja zenye miangwi kadhaa, zinazofunika kondo lote kwa chini ya dakika 1 mama akipumua kawaida. King's College London wameitumia kwenye tesla 3 kwa vokseli za milimita 3 kila upande na miangwi 5, kuanzia milisekunde 13.8, kisha 70.4, 127.0, 183.6 na 240.2. Inaona kondo zima, na inarudiwa mara nyingi hivyo unaona mabadiliko kwa wakati. Lakini umbo hupinda kwa kufuata upande wa usimbaji wa fezi, yaani mwelekeo ambao mashine huijaza mistari ya picha. Chagua upande ambao gesi, ikisukumwa, isisukumiwe juu ya kondo. Washa kizuia mafuta, na tumia upigaji sambamba (vipande kadhaa vya koili kusoma kwa pamoja) wa mara 2 au 3 ili kupunguza kupinda.

Angalia kwa makini miangwi hiyo 5. Kondo la wiki 24 lenye T2* ndefu linatoshelezwa nayo. Kondo gonjwa la wiki 36 kwenye tesla 3 linaweza kuwa na T2* ya 25. Katika mwangwi wa 13.8 limebakiwa na asilimia 58 ya mawimbi, kwenye 70.4 asilimia 6, na kwenye 127 haifiki hata 1. Mitatu ya mwisho ni kelele tupu. Ukiwapima akina mama wa wiki za mwisho, leta miangwi karibu karibu: angalau mitatu iwe chini ya milisekunde 60.

Kwa mbinu zote mbili, weka boksi la shimu, yaani lile la kusawazisha uga, juu ya kondo lenyewe na si juu ya tumbo zima. Kwenye tesla 3 hatua hii peke yake hutenganisha ramani safi na ramani yenye mashimo. Ukiwa na uhuru wa kuchagua mashine, anza na 1.5. T2* ni ndefu zaidi, gesi husumbua kidogo, na joto linalomwingia mama ni dogo zaidi. Namba za 1.5 na za 3 zisichanganywe kwenye jedwali moja kamwe.

Kila wiki, pima pia chupa ya majaribio: jeli ya agari ya asilimia 2 iliyofungwa bila povu wala kiputo cha hewa. T2* yake iwe ile ile wiki hadi wiki, ikipimwa kwenye joto lile lile la chumba. Ikihama, mashine imehama, si kondo.

Tumbo linapokaza

Hapa ndipo namba nyingi hufia. Mji wa mimba hukaza hata mama asiposikia chochote, na wakati huo damu inayoingia kwenye kondo hupungua na T2* hushuka waziwazi. Mwaka 2020 watafiti wa Nottingham nchini Uingereza walieleza jambo la ziada: kondo na ukuta ulio chini yake hujikamua pamoja, tofauti na mji wote unapokaza, na kusukuma damu nje ya nafasi ya vili. Kwa hiyo kipimo kimoja cha sekunde 12 ni bahati nasibu.

Rudia T2* mara 3 ndani ya dakika 10 kwa vipande vile vile. Vipimo vitatu vikitofautiana kwa chini ya asilimia 10, chukua wastani. Kimoja kikidondoka, fungua picha yake na upime unene wa ukuta. Ukuta ukiwa umenenepa, kiondoe kipimo hicho na uandike kwamba umekiondoa na kwa nini. Ukuta usiponenepa, usikiondoe kwa sababu tu hukipendi. Vikidondoka vyote, mgeuze mama, msubiri dakika 10, rudia. Meza isikaliwe zaidi ya dakika 40 kwa ujumla.

Kuchora mipaka

Chora kwenye picha ya mwangwi wa kwanza au wa pili, ambako umbo linaonekana, halafu ipeleke mipaka kwenye ramani. Usichore kwenye ramani ya T2* yenyewe, maana jicho hufuata mng'ao na utaacha nje sehemu nyeusi, ambazo ndizo unazozitafuta.

Acha nje ukuta wa mji wa mimba, kiungamwana, mishipa mikubwa ya upande wa mtoto, na bonge la damu lililo nje ya tishu ya kondo. Ingia ndani ya mpaka kwa vokseli moja ili maji ya uzazi, ambayo T2* yake ni ndefu mno, yasidondokee ndani. Sehemu zilizokufa kwa kukosa damu ziache ndani. Ni za kondo hilo, na kuziondoa ni sawa na kumpima mtu homa baada ya kumpa panadoli.

Kondo lenye afya halina rangi moja. Utaona visiwa vinavyong'aa katikati na kufifia pembezoni: damu ya mama huingia kwa nguvu katikati ya kila kotiledoni (fungu moja la kondo) na kutoka pembeni ikiwa imekwisha kutoa oksijeni. Kadiri mimba inavyokomaa, visiwa hivi hutengana zaidi. Kwenye pre-eklampsia (shinikizo la juu la damu la ujauzito) mara nyingi kondo huwa na mabaka meusi mengi mapema kuliko umri wake. Kwa sababu hiyo toa wastani na namba ya katikati zote mbili, pamoja na chati ya mtawanyiko wa vokseli. Wastani peke yake huficha mabaka. Programu za kuchora zenyewe zipo na zinasaidia, ila kondo lililo upande wa mgongo wa mama, lililobanwa karibu na uti, huzichanganya, kwa hiyo pitia kila kipande kwa macho.

Hesabu

Mawimbi hushuka kwa mlinganyo S = S0 × e^(−TE/T2*), ambapo S0 ni mawimbi ya mwanzo kabla ya kufifia na TE ni muda wa mwangwi. Mfano: kondo la wiki 30 kwenye 1.5 linatoa 963 kwenye TE 3.0, 777 kwenye 20.2, 594 kwenye 41.7 na 430 kwenye 67.5. Ukichukua ya kwanza na ya mwisho, 963 ukigawa kwa 430 ni 2.24, logi asilia yake ni 0.806, na 64.5 ukigawa kwa 0.806 unapata 80. T2* ni milisekunde 80. Kinyume chake, R2*, ni 1000 ukigawa kwa 80, yaani 12.5 kwa sekunde. Kokotoa hivi kwa mkono mara moja kabla ya kuiamini programu yoyote. Ikikupa 95 kwa namba hizo hizo, kuna kitu.

Kitu chenyewe mara nyingi ni kelele. Picha za MRI hazina namba hasi, kwa hiyo penye giza tupu bado pana wastani wa kelele, kama mara 1.25 ya mtawanyiko wake (standard deviation). Chukua lile kondo la T2* 25, S0 ikiwa 1000 na mtawanyiko wa kelele 20. Kwenye TE 13.8 linatoa 576. Kwenye 127 lingepaswa kutoa 6, lakini mashine itaandika kama 26. Fanya hesabu kwa namba hizo mbili: utapata 36.5 badala ya 25. Kosa lenyewe lina upande mmoja: hulifanya kondo gonjwa lionekane lina nafuu. Pima kelele kwenye hewa nje ya mwili, tupa kila mwangwi ulio chini ya mara 3 ya kelele hiyo, na utumie ulinganishaji usio wa mstari badala ya kuchora mstari kwenye logi.

Kumpa mama oksijeni wakati wa kipimo

Njia ya zamani zaidi ya BOLD ni kumpa mama oksijeni na kutazama mawimbi yanavyopanda. Dakika 5 hewa ya kawaida, kisha dakika 5 hadi 10 oksijeni ya lita 12 kwa dakika kwa barakoa yenye mfuko. Kwenye mimba zenye afya Aalborg waliona mawimbi yakipanda kwa wastani wa kama asilimia 15.

Usalama kwanza. Mtungi wa chuma hauingii chumba cha sumaku, hata ukiwa mtupu, hata kwa sekunde moja. Mwaka 2001 jimboni New York mtoto wa miaka 6 aliuawa ndani ya mashine na mtungi wa oksijeni uliovutwa. Tumia oksijeni ya ukutani, au mtungi wa alumini uliothibitishwa pamoja na geji yake, maana mtungi unaweza kuwa salama na geji isiwe. Mashine ya kuzalisha oksijeni ibaki nje, na nyingi hutoa lita 5 au 10, hazifiki 12. Mtungi wa saizi E uliojaa, lita 680 hivi, unatosha kama dakika 56. Ondoa kile kipande cha chuma cha puani kwenye barakoa.

Mvalishe barakoa tangu mwanzo, hewa ya kawaida ikipita kwenye mpira huo huo, ili kubadilisha kuwe ni kufungua koki tu. Ukimvalisha katikati atasogea.

Sasa mtego. Damu ya mama tayari imejaa oksijeni karibu yote inapotoka mapafuni. Ukiongeza shinikizo la oksijeni kwenye ateri kutoka milimita 100 za zebaki hadi 400, unayeyusha mililita 0.9 tu zaidi kwa desilita. Kwa himoglobini ya gramu 11 hiyo ni kama pointi 6 za asilimia ya himoglobini kujaa oksijeni, na mabadiliko hayo huonekana zaidi pale damu ilipokuwa imechoka. Ndiyo maana kondo gonjwa, lililoanza chini, linaweza kupanda kwa asilimia sawa na lenye afya, au hata zaidi. Anayesoma asilimia peke yake atasema kondo linaitikia vizuri. T2* ya mwanzo, kabla ya oksijeni, ndiyo inayosema kweli.

Kuna na jingine. Oksijeni iliyoyeyuka hufupisha T1 (muda wa protoni kurudi kwenye mpangilio wake baada ya mpigo), na kwenye picha ya mwangwi mmoja hilo peke yake huongeza mng'ao bila uhusiano wowote na himoglobini. Ukipiga miangwi mingi, mabadiliko hayo huangukia kwenye S0 na T2* hubaki safi. Tena Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, barakoa ile ile na lita zile zile hazifikishi shinikizo la oksijeni linalofikiwa Dar es Salaam. Kwa kituo kinachoanza, acha oksijeni kando. T2* ya kawaida iliyopimwa vizuri mara tatu inatosha.

Kusoma namba

Usinunue mpaka wa mtu mwingine. Jenga mkunjo wenu: akina mama wenye afya waliosambaa kati ya wiki 20 na 40, mashine moja, TE zile zile, mkao mmoja. Arobaini ni mwanzo wa heshima. Wasubiri wajifungue kabla ya kuwaita wenye afya: uzito wa mtoto uwe wa kawaida kwa wiki zake na shinikizo la mama liwe limebaki salama hadi mwisho. Kisha kwenye kila namba mpya toa wastani wa wiki hiyo, na tofauti uigawe kwa mtawanyiko. Chini ya −2, mpigie simu daktari wa uzazi siku hiyo hiyo, ukimtajia pia Dopla na ukuaji wa mtoto. T2* imeonekana kutabiri uzito mdogo wa kuzaliwa vizuri kuliko Dopla ya ateri ya mji wa mimba, lakini ni kiashiria cha kumfuatilia mama kwa karibu, si cha kuamua peke yake siku ya kumzalisha.

Namba nzuri kupita kiasi wiki ya 37 itiliwe shaka kuliko namba mbaya. Tazama kwanza kama maji ya uzazi yameingia ndani ya mipaka, kisha kelele za miangwi ya mwisho, kisha himoglobini ya mama.

Ukirudia baada ya wiki 2, tumia mashine ile ile na ubavu ule ule. Mapacha wenye makondo mawili, chora kila moja peke yake. Wanaogawana kondo moja, ligawe kwa kufuata mahali kila kiungamwana kilipopachikwa. Kwenye ripoti andika nguvu ya sumaku, TE zote, mkao, idadi ya vipimo vilivyoondolewa na sababu, himoglobini, na wiki za mimba pamoja na jinsi zilivyopatikana. Na picha za kila mwangwi zihifadhiwe. Ramani iliyokwisha kukokotolewa haiwezi kurudishwa nyuma.